Tunaliaminije Jiwe?

Mwaka 1906 Mfaransa Bernard Brunhes alitangaza jambo gumu kuaminika. Huko Pontfarin, katikati ya Ufaransa, zaha ya volkano ya kale ilikuwa imetiririka juu ya udongo wa mfinyanzi na kuuchoma kama tofali tanurini. Zaha na udongo, vyote viwili, vilikuwa na usumaku ulioelekea kinyume na dira ya leo.

Zaha ikiwa bado ya moto, chembe zake za magnetaiti haziwezi kushika mwelekeo. Joto likishuka chini ya nyuzi 580 hivi za Selsiasi, uga wa sumaku wa Dunia huzielekeza, na jiwe likishapoa laweza kubaki hivyo kwa mamilioni ya miaka.

Wengi huiita hali hii kumbukumbu ya jiwe. Mimi nasita. Anayekumbuka hupamba, hupunguza, hujitetea; jiwe halifanyi lolote kati ya hayo, na ndiyo maana tunavutwa kuliamini kuliko binadamu. Lakini asiye na nia ya kudanganya aweza bado kutupotosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Takesi Nagata na wenzake walionyesha kwamba miamba fulani ya mlima Haruna, Japani, ikipoa hupata usumaku wa kinyume na uga unaoizunguka. Basi huenda hata kule Pontfarin uga wa Dunia haukugeuka. Liligeuka jiwe peke yake?

Nguvu ya hoja ya Brunhes, kwangu, imo katika ule udongo. Madini yake si ya zaha, asili yake ni nyingine, na bado viwili hivyo vilikubaliana. Vivyo hivyo, katika miaka ya 1960 zaha ya Bonde la Olduvai, Tanzania, ilikutwa na usumaku unaofuata mwelekeo wa leo, ingawa ni ya enzi ambayo kwa sehemu kubwa dira ingeelekea kusini. Kipindi hicho kifupi cha mwelekeo wa leo, takriban miaka milioni 1.95 hadi 1.77 iliyopita, sasa kinaitwa Olduvai duniani kote, nacho kinasomeka pia katika miamba ya sakafu ya bahari. Mawe hayo hayakuwa na njia ya kupatana. Ninachokiamini ni kule kukubaliana kwao, wala si jiwe lolote moja.

Hata hivyo, kila zaha hushuhudia wakati wa kupoa kwake tu. Kabla ya mlipuko unaofuata huenda zikapita karne nyingi, na juu ya karne hizo mawe ya hapo hayana neno. Anayeziunganisha zaha hizo kwa mstari ulionyooka anasema kwa niaba yake mwenyewe, na ni haki yetu kumtaka akiri hivyo.