Je, Kunyamaza Ni Kudanganya?

Motokaa nyingi za nyumba zetu hapa Bukoba na Muleba zatoka Japani, zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi. Nyingine zala oili. Ringi za pistoni zikichakaa, au zikinata kwa masizi, oili hupenya hata mahali petroli inapowaka, ikatoka nyuma kuwa moshi wa buluu. Mwenyewe asipoangalia kijiti cha kupimia, oili hupungua pasipo yeye kujua, na siku moja injini hukwama ikafa njiani, mbele ya Muhutwe, na watoto wamo ndani.

Basi, mtu aijuaye kasoro hiyo hutia oili nzito ili moshi ufichike siku chache, kisha huuza. Asema, “Sikuulizwa, wala sikusema uongo. Hata mimi niliuziwa vivi hivi.”

Je, maneno hayo yatosha? Twaona hayatoshi. Mnunuzi huona rangi na viti. Ya ndani ayajua yule aliyeongeza oili kila juma. Tena oili ile nzito ni neno, nalo ni neno la uongo, ingawa mdomo ulinyamaza. Na aliyedanganywa jana hapati haki ya kumdanganya wa tatu; hasara haifutiki, yahamishwa tu.

Hatukatazi kuuza. Na aseme, “Yala oili kiasi hiki,” apunguze bei. Fedha zitakuwa chache, lakini akimwona mnunuzi sokoni hatageuza njia.