Kitu kinakuwa takataka siku gani?

Ukipita asubuhi kando ya mto Nyamukau, hapa kwetu Bunia, utaona yale ambayo nyumba zetu zimeyakataa: sashe nyeusi, chupa za maji, sandali zilizokatika, mikebe ya tomati. Rudi palepale saa kumi, watoto wakiisha kutoka shuleni. Huyu anatafuta mkebe wa sardini atengeneze gari, yule anaokota vifuniko vya Primus vya kuchezea dama, mwingine anakusanya sashe za kufunga mpira. Asubuhi ilikuwa takataka, saa kumi imekuwa mali, na mkebe wenyewe haukubadilika hata kidogo. Sasa ni nini kilichobadilika?

Swali hili tulilipeleka darasani, tukifikiri ni swali jepesi la kuanzisha mazungumzo. Kijana mmoja akajibu kwamba kitu ni takataka kwa sababu mwenyewe amekitupa, basi. Mwenzake wa nyuma akasema: « Mwalimu, kama ni vile, maskini hana takataka. » Darasa likacheka. Sisi hatukucheka, na neno lile tulilala nalo siku kadhaa.

Wahenga walisema: ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Chungu hapa si cha kupikia, ni yule mdudu sisimizi. Miaka mingi tuliifundisha methali hii kama ya kumcheka sisimizi, eti anashangilia kitu ambacho wengine wameisha kukitafuna na kukitema. Lakini isome tena polepole. Ganda lina sukari kweli. Sisimizi hakudanganyika, aliyelitupa ndiye hakulimaliza.

Bibi zetu hawakuhitaji kufundishwa hayo. Kibuyu kikipasuka kilishonwa kwa uzi, na mahali pa kushona pakawa kama pambo. Majivu ya jikoni yalisugua sufuria, maganda ya ndizi yalikwenda kwa mbuzi. Hata hivyo tusiwasifu kupita kiasi. Karibu kila walichotupa kilikuwa kinaoza, na mvua mbili tatu zilimaliza kazi. Sashe haiozi vile. Serikali yetu iliandika amri ya kukataza mifuko ya plastiki tarehe 30 Desemba 2017, lakini mtu aende sokoni leo anunue chumvi, atuambie amefungiwa ndani ya nini.

Hapa mjini kazi ya kugeuza kilichotupwa ilikua sana wakati wa shida. Mwezi wa tano 2003, vita vilipopamba moto ndani ya Bunia, maelfu ya watu walikimbilia kando ya uwanja wa ndege na penye kambi ya MONUC. Chakula cha msaada kilikuja, na mafuta ndani ya mikebe ya bati iliyoandikwa kwamba si ya kuuzwa. Mafuta yaliisha, mikebe ikabaki. Ikatobolewa kwa misumari, ikawa vikunio vya muhogo. Ikafunguliwa na kunyooshwa kwa nyundo, ikawa milango. Ikakatwa, ikawa koroboi, ile taa ndogo ya petroli yenye utambi. Machafuko yaliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, wengine wengi walikuja, na mikono ile ile ikaanza tena kazi ile ile.

Sasa tuseme jambo ambalo hatupendi kulisema. Sisi waalimu tuna desturi ya kuomba kazi ya mikono mwisho wa muhula: fagio, kikapu, mwiko. Kila mtu anajua kwamba nusu ya vitu hivyo vinanunuliwa sokoni, na kwamba vikiisha kupewa alama havirudi nyumbani kwa mwanafunzi. Mwaka mmoja, msichana wa darasa la nne, ambaye jamaa yake iliishi katika kambi ya wakimbizi, alileta koroboi ya mkebe wa mafuta. Kiungo chake kilikunjwa mara mbili bila risasi ya kuchomea, na hakikuvuja. Kuzunguka mdomo alikuwa amekata bati kama maua, petali nane, kila moja imekunjwa ncha ili isikate mtu mkono. Mwingine alileta kikapu kipya kutoka soko kuu, kizuri kweli. Kikapu tulikipa 18 juu ya 20. Taa tukaipa 11, na pembeni tukaandika: « Vitu vya kuokota. »

Usiku ule umeme ulikatika. Mama wa nyumba akawasha koroboi yetu, na kwenye mwanga wake tukaona maandishi ya msaada yamebaki kwenye tumbo la taa. Kumbe ni mkebe ule ule! Tuliununua kwa franga zetu wenyewe na kuuweka mezani miezi mingi, tusione aibu yoyote.

Kesho yake tulimwita msichana, tukamwambia tumekosea, alama zitabadilishwa. Alinyamaza, kisha akasema: « Asante, mwalimu. Lakini naomba taa. Nyumbani hatuna ingine. » Jamaa nzima ilikuwa imelala gizani ili binti apate alama.

Tangu siku ile tunaogopa namna ile jicho linavyofanya kazi. Tulitazama mkebe, tukasema takataka. Na bila kutaka, hukumu ikamgusa aliyeushika. Wala haisaidii kugeukia upande wa pili na kushangilia. Wako wanaofika kambini, wakashika mkoba wa sashe zilizosokotwa, wakasema: angalia, watu hawa wana akili, wanajitegemea! Ni kweli wana akili. Lakini mama aliyesokota mkoba ule alikuwa na shamba, na kwanza anataka kurudi shambani. Sifa zinazomfanya mtu asahau kuuliza kwa nini mama yuko pale ni namna nyingine ya kumtupa.

Sisi tunarudi kwenye zile petali nane. Taa ingewaka bila petali. Aliyezikata hakuwa na mwanga wa kutosha wala mafuta ya kutosha, na bado alitumia saa nzima kwa ua la bati. Tumesikia wasomi wenzetu wakisema kwamba maskini anahitaji kwanza kinachofaa, uzuri utakuja baadaye. Waende waangalie taa ile. Uzuri haukungoja.

Lakini si kila kilichotupwa ni cha kuokota, na hili tunawaambia wanafunzi kila mara. Kibido kilichobeba dawa ya wadudu ya mashamba kisitiwe maji ya kunywa, hata kikioshwa mara saba. Sufuria za kuyeyusha vyuma vya magari zinapendeza, lakini ndani yake inaweza kuwamo risasi, nayo ni sumu kwa watoto. Kwa upande mwingine, wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, kibido cha manjano kilichotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyaga kwa mguu kilikuwa mlango wa kwanza wa nyumba nyingi. Mgeni alianza pale kunawa mikono, ndipo akasalimia.

Siku hizi kazi ya mikono inafanywa darasani, mbele yetu, siku ya Ijumaa. Kila mmoja analeta kitu ambacho nyumbani kwao kilikuwa kinakwenda mtoni. Wengine wanalalamika kwamba kelele za nyundo zinasumbua darasa la jirani, na wana haki. Alama tunaandika Jumamosi asubuhi. Vitu vyenyewe vinarudi nyumbani Ijumaa ile ile, kabla ya giza.