Kukomboa Shingo ni Wajibu wa Jumuiya Nzima

Ni jambo jepesi kwa mtu aliyeshiba kumwambia mwenzake kwamba kazi anayoifanya ina madhara na kwamba yampasa aiache leo hii. Nasaha hiyo huenda ikawa ya haki tupu. Lakini anayenasihiwa hurudi nyumbani kwake na maneno matupu, na watoto hawali maneno. Wazee wetu walikwisha sema kwamba mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo mtu yeyote anayechunguza dini, ili ajue iwapo ni ya kweli, ana haki ya kuiuliza swali hili: Mnapomwambia mja wa Mungu aache kazi inayomwangamiza, nani atalipa deni linalomfunga, naye atakula nini kesho?

Katika kisiwa cha Unguja swali hili si geni. Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Lakini waliokwisha kuwa watumwa waliendelea kulima mashamba ya mikarafuu ya mabwana zao. Mwezi Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Amri hiyo inajulikana na wengi, ila masharti yake hayakumbukwi sana. Mtumwa hakupata uhuru kwa kulala na kuamka. Ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba. Akisha kuupata, alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo ahesabiwe kuwa mzururaji. Nayo fidia, pale ilipotolewa, alipewa bwana kwa kupotelewa na mtumwa wake. Yule aliyetoka jasho maisha yake yote hakupewa kitu. Je, ni ajabu kwamba wengi walibaki katika mashamba yale yale, wakimfanyia kazi bwana yule yule ili waruhusiwe kukaa katika kibanda na kulima mihogo yao? Mlango ulifunguliwa, lakini nje ya mlango hapakuwa na chakula.

Inatupasa kusema kweli hata ikiwa chungu. Huko Mbweni, kusini ya mji, wamisheni wa Kikristo walinunua shamba, na katika miaka ya 1870 wakawapa watu waliokombolewa mahali pa kujenga na kulima. Sisi hatukubaliani na mafundisho yao kuhusu Utatu na kafara. Lakini walifahamu kwamba mtu aliyekombolewa huhitaji ardhi chini ya miguu yake. Mwislamu anayesoma habari hizo asiwaonee wivu, bali ajiulize: Je, Kitabu chetu hakikutufundisha jambo hilo karne nyingi kabla yao?

Naam, kilitufundisha, tena kwa uwazi. Katika Sura An-Nur, aya ya 34, Mwenyezi Mungu anaamuru kwamba mtumwa anayetaka kuandikiana mkataba wa kujikomboa aandikiwe, na papo hapo anawaamuru waaminio wampe sehemu ya mali ambayo Mungu Mwenyewe amewapa. Angalia, ewe msomaji, jinsi amri hizi mbili zilivyofungwa pamoja: haki ya kutoka, na fedha za kutokea. Katika Sura Al-Balad kukomboa shingo kunatajwa kuwa ndiyo njia ngumu ya kupanda mlima, na mara baada yake kunatajwa kulisha siku ya njaa.

Mfano wake ni Salman Mwajemi r.a. Alisilimu Madina akiwa mtumwa, na utumwa ukamzuia asishiriki vita vya Badr wala vya Uhud. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alimwambia aandikiane na bwana wake, na bei ikawa miche 300 ya mitende na wakia 40 za dhahabu. Masikini huyu angeipata wapi mali hiyo? Mtume s.a.w. hakumwambia avumilie tu, wala hakumwachia dua peke yake. Aliwaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Basi huyu akaleta miche thelathini, huyu ishirini, huyu kumi na mitano, huyu kumi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, mpaka mia tatu zikatimia. Wakamsaidia kuchimba mashimo, na Mtume s.a.w. akaipanda miche kwa mikono yake mitukufu. Hata dhahabu nayo ilipopatikana, akampa alipe. Salman akatoka huru, na vita vilivyofuata vilikuwa vya Handaki, mwaka 627, ambamo shauri la kuchimba handaki lilikuwa lake. Jumuiya iliyochanga miche ya mitende kwa ajili ya mtu mmoja ilipata kwake shauri lililouokoa mji mzima.

Huenda msomaji akasema: "Hayo ni ya watumwa, na leo hakuna watumwa." Ni kweli kwamba sheria imekwisha badilika. Lakini tazama walipo dada zetu. Kutoka Unguja na Bara, wanawake wengi huvuka bahari kwenda Oman na nchi jirani kufanya kazi za nyumbani. Wako waajiri wanaomcha Mungu huko, na wengi wao ni jamaa zetu kwa damu na lugha. Hata hivyo, mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa juu ya wafanyakazi wa nyumbani wa Tanzania katika Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyoeleza habari za pasi za kusafiria zilizozuiliwa, kazi za saa nyingi bila mapumziko, mishahara isiyolipwa, vipigo na kuvunjiwa heshima. Na baadhi ya waliotaka kuondoka walidaiwa kwanza warudishe gharama zilizotumika kuwapeleka. Hapo ndipo shingo inapofungwa: si kwa mnyororo wa chuma, bali kwa deni na nauli.

Sasa soma tena Sura At-Tauba, aya ya 60, panapotajwa mafungu manane ya wanaostahili sadaka. Humo mna mafakiri na masikini, mna shingo za kukombolewa, mna wenye madeni, na mna msafiri aliyekwama njiani. Mwanamke aliyekwama Maskati bila mshahara, anayedaiwa na wakala, asiye na nauli ya kurudi kwa mama yake katika mtaa wa Amani, yumo katika mafungu hayo zaidi ya mara moja. Basi tusiseme kwamba habari yake ni ya serikali peke yake. Mwenyezi Mungu amekwisha mwandikia fungu lake.

Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya imepewa utaratibu wa kutimiza jambo hili. Mwenye kipato hutoa sehemu moja katika kumi na sita kila mwezi. Na Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad a.s., alipoanzisha mpango wa Al-Wasiyyat mwaka 1905, ambamo mtu huusia kuanzia sehemu moja ya kumi hadi theluthi, aliandika kwamba katika mali hiyo imo pia haki ya mayatima, masikini na Waislamu wapya wasio na njia ya kutosha ya kuishi. Lakini utaratibu bora haumfikii mtu aliyefichwa na aibu yake. Ni jirani anayejua, na ni jirani atakayepeleka habari.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusitiri: habari za dada aliyeteswa si hadithi za barazani. Pili, tuanze na kinachomfunga. Deni likilipwa moja kwa moja kwa anayedai, shingo imefunguliwa. Tatu, tumpe chakula cha muda uliopangwa, kisha chombo cha kazi, kama cherehani au mtaji wa biashara ndogo. Maana Mtume s.a.w. alipomwona Ansari akiomba, alimtilia shoka mpini kwa mkono wake na kumtuma akakate kuni. Nne, akikopeshwa, kusiwe na riba hata senti moja, na akichelewa kulipa apewe nafasi. Tano, msaada usiwe chambo. Asiye Mwahmadiyya, na hata asiye Mwislamu, akombolewe bila kuulizwa ataingia lini. Kwani hakuna kulazimishana katika dini, na njaa ni mlazimishaji mkubwa.

Wenye uwezo mdogo wasijidharau. Watu wanaojua kucheza upatu, au kibati kama tusemavyo Unguja, wanajua jinsi fedha kidogo za wengi zinavyomfikia mmoja kwa zamu. Linalotakiwa ni kwamba zamu ya kwanza apewe mwenye dhiki.

Nawe uliyemo ndani ya kazi hiyo, unayeisoma karatasi hii kwa siri, fahamu kwamba kubaki kwako si dalili ya imani, wala kutoka kwako si ukosefu wa subira. Mwenyezi Mungu ameahidi katika Sura At-Talaq kumfanyia njia ya kutokea yule anayemcha, na kumruzuku kutoka asipopatazamia. Sisi tunaoitwa ndugu zako tumeamriwa tuwe sehemu ya njia hiyo. Siku ya hesabu wewe hutaulizwa kwa nini ulikuwa masikini. Sisi tutaulizwa kwa nini tulikujua na tukanyamaza.

Ewe Mola wetu, zifungue shingo zilizofungwa, na uifungue mikono yetu pamoja nazo. Amin.