Usimgeuzie Mgongo

Wanangu mnaooa mwaka huu, nasema na nyinyi wanaume kwanza, maana wake zenu tumeshawafunda. Mimi somo wangu alinifundisha ningali mwali ndani: mkimaliza, mpanguse mwenzio kwa kitambaa laini, umwambie asante. Nami nimewafundisha hivyo mabinti wengi wa Gerezani na Mchikichini. Sasa naona ilikuwa nusu ya elimu. Nani alimwambia mume naye ashukuru?

Niliolewa mwaka 1975, mwaka lilipofunguliwa soko la Kariakoo, lile alilolichora Beda Amuli. Tulipanga chumba Mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya vyumba sita, kuta hazikufika kwenye bati. Jirani akikohoa unamwitikia pole ukiwa kitandani. Mume wangu akishamaliza hugeukia ukutani, alfajiri ana mzigo wa kupokea. Nami nabaki macho, najiona kama sahani iliyokwisha kuliwa. Mwezi wa tatu nikauchukua mkono wake, nikauweka mgongoni kwangu, nikamnong'oneza: "Usiutoe mpaka nilale." Hakuuliza sababu. Tangu hapo tukawa tunanong'ona, kwa ajili ya zile kuta, na katika minong'ono hiyo ndipo nilipoyajua madeni yake, na jinsi alivyokuwa akimwogopa baba yake. Mchana asingenieleza hata moja.

Nyinyi mna kuta hadi juu, mna na feni, lakini mabinti wananiletea kilio kilekile: jasho halijakauka, simu imeshashikwa, mteja wa Mtaa wa Kongo anauliza bei. Mwanangu, mteja atangoja. Mfunike mkeo khanga, mpe maji, muulize kama ameridhika, kama kuna palipomuuma. Mkumbatie. Hata madaktari wanasema kukumbatiana huamsha mwilini homoni ya oksitosini, inayowatuliza watu na kuwasogeza karibu. Nawe binti, akisinzia ghafla usidhani amekuchoka. Miili ya wengi wao ndivyo ilivyo. Mwambie unachokitaka. Mimi nilikaa miezi mitatu nikisubiri akijue mwenyewe, na miezi ile inaniuma hadi leo.

Soko lilipoungua Julai 2021, kizimba cha viungo cha mume wangu kiliteketea. Alirudi nyumbani hakula, hakusema neno. Tulikwisha kuwa wazee, ya ujana tuliyaacha zamani. Usiku wa manane nikahisi mkono wake mgongoni, palepale. Baada ya kitambo akaanza kunong'ona.