Samahani Isiyo Yake

Mlinzi wetu alinirudishia tochi asubuhi, hata chai sijanywa, ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha chombo cha watu kilichovunjikia kwake. "Nisamehe mwanangu, nimekuharibia kitu chako." Lenzi ilikuwa imevimba katikati na kuingia ukungu mweupe, na ukingoni zilinata nyuzi za koti lake la kijani. Nikamjibu, "Usijali baba, kitu tu hicho." Jibu lile nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku hiyo. Lilikuwa na upole wote, ila ukweli haukuwamo.

Ukweli ni kwamba tochi ile niliiharibu mimi, miezi miwili kabla yake, kwenye meza ya fundi.

Ilikuwa tochi ya kawaida ya betri kubwa nne, yenye globu inayokula umeme usiozidi wati 5. Nilitaka imulike mpaka mwisho wa shamba. Tukatoa betri zake, tukaweka tatu za lithiamu zilizotolewa kwenye betri ya kompyuta iliyokufa, tukazivingirisha karatasi ngumu zisicheze, na pengo lililobaki tukaliziba kwa boliti. Fundi akapanua tundu la rifleta, lile bakuli linalong'aa ndani, akachomelea globu ya halojeni ya pikipiki, wati 35. Usiku wa kwanza niliwasha nikaona majani ya mwembe wa jirani moja moja. Nilifurahi kama mtoto.

Fundi aliniambia neno moja wakati ananirudishia chenji: "Usiiache inawaka muda mrefu." Sikumuuliza kwa nini, kwa kuwa nilijua. Globu ya aina ile hutoa mwanga kwa sehemu isiyofika hata moja ya kumi ya umeme inaoula. Karibu wote uliobaki unakuwa joto. Kioo cha globu yenyewe hupita nyuzijoto 250. Rifleta yetu ilikuwa plastiki iliyopakwa alumini nyembamba kuliko karatasi, na lenzi ilikuwa akriliki, ambayo huanza kulainika ikifika kama nyuzi 105. Mpira wa kuzuia maji ulizuia na hewa ya moto isitoke. Baada ya wiki chache niliona duara la kahawia kwenye rifleta, kuizunguka globu, na ile rangi ya fedha imeanza kujikunja kama ngozi ya maziwa. Nililiona, nikafunga kichwa cha tochi, nikampa mlinzi.

Hapo ndipo ninapokwama. Nilipompa nilieleza habari zote za mwanga: unafika wapi, utawatishaje wezi, swichi inabonyezwa vipi. Maneno ya fundi sikuyapeleka. Wala sikuyasahau. Nilihisi kwamba zawadi yenye onyo ingepungua uzito, na mzee angesema asante ndogo.

Ndugu yangu mmoja, nilipomsimulia, alimtetea kila mtu isipokuwa mzee. Kwa hoja yake, mtu mzima halazi tochi inayowaka kifudifudi juu ya koti. Lakini mzee alikuwa na sababu. Gari lilikuja usiku, alihitaji mikono yote miwili kuinua komeo la geti, na hakutaka mwanga umpige dereva machoni. Akailaza kifudifudi juu ya koti kwenye kiti, akaenda kufungua. Amefanya hivyo kwa tochi miaka yote ya ulinzi wake. Kwa globu ya wati 5 halikuwahi kutokea lolote. Kwa ile yetu, mwanga uliozuiwa na kitambaa uligeuka joto palepale, ukakutana na joto la ndani lisilo na pa kutokea.

Mimi sioni uzembe wake hapo. Naona desturi nzuri iliyogeuzwa kuwa hatari bila mwenyewe kuarifiwa. Kwa nje tochi ilikuwa ileile: rangi yake, uzito wake, swichi yake. Laiti tungeiunda kitu kikubwa cha kutisha, chenye waya nje, angeiogopa, na hofu ingemlinda. Tulibadili ndani, tukaacha nje sura aliyozoea kuiamini.

Wapo watakaosema shida ni vifaa. Weka rifleta ya alumini, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 660, na lenzi ya kioo kama kile cha vyombo vya maabara. Ni ushauri sahihi kwa anayetaka tochi idumu. Ila siku ile lenzi ya kioo ingesalimika, na joto lote lingebaki kazini juu ya koti la mzee. Ile plastiki iliyovimba na kunata ilikuwa ndiyo kitu pekee kilichotoa taarifa.

Kinachonisumbua zaidi ni ile samahani. Aliibeba usiku kucha mpaka alfajiri, akiwaza labda nitamkata mshahara. Mtu wa mwisho kushika kitu ndiye anayeitwa mharibifu, na kama ni maskini hujiita mwenyewe kabla hajaitwa. Nami kwa kusema "usijali" niliipokea. Huwezi kusamehe kosa ambalo ni lako; nilichofanya ni kumwachia alibebe, kwa sauti ya ukarimu.

Ilinichukua siku nne. Jioni ya tano nilimfuata kibandani kwake, nikamwamkia, nikakaa kwenye kindoo, nikamweleza yote: globu, betri, lile duara la kahawia. Alisikiliza akitazama chini. Nikamwambia koti nitalinunua jingine. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wewe uliliona hilo duara kabla hujanipa?"

"Niliona, baba."

Aliitikia kwa kichwa. Akachukua tochi yake ya zamani yenye mwanga wa njano, akaigonga kiganjani mara mbili mpaka ikawaka, akaenda kuzunguka ukuta.