Msamaha ni wa Nani? Tafakuri juu ya Siku ya Upatanisho

Je, mwenye mamlaka ya kusamehe ni nani? Aghalabu hujibiwa kwa haraka kuwa ni Mungu, na mjadala ukafungwa. Siku ya Upatanisho, Yom Kippur kwa Kiebrania, ambayo Wayahudi huiadhimisha tarehe 10 ya mwezi wa Tishri kwa kufunga takriban saa 25, inatulazimisha kuufungua upya.

Kwa mujibu wa Mishna (Yoma 8:9), siku hiyo hufuta dhambi zilizo baina ya mtu na Mola wake; zilizo baina yake na mwenzake haizifuti mpaka aliyekosewa aridhishwe. Maimonides, mwanafalsafa wa karne ya 12, anaeleza kuwa asiyeridhiwa mara ya kwanza arudi na wenziwe watatu, hata mara tatu. Akizidi kukataliwa, lawama humgeukia aliyekataa.

Hapa pana mvutano wa kimatini. Ungamo la siku hiyo limetungwa katika nafsi ya kwanza wingi: 'tumekosa', wala si 'nimekosa'. Mhakiki anaweza kudai kuwa wingi huo ni maficho ya mtu binafsi. Dai hilo lina uzito, ila linasahau mfuatano: kabla ya 'sisi' ya sinagogi, sheria imekwisha kudai 'mimi' na 'wewe' ya kuombana radhi.

Kitabu cha Yona, kisomwacho alasiri ya siku hiyo, kinalikoleza tatizo. Waninawi wanafunga, wanavaa magunia, wanaepushwa na maangamizi. Waliodhulumiwa nao hawasemi neno. Talmudi (Taanit 16a) inaliziba pengo hilo: aliyeiba boriti akaijengea jumba, alibomoe jumba zima, airudishe kwa mwenyewe.

Aliyekufa je? Maimonides anaagiza mkosaji apeleke watu 10 kaburini, aungame mbele yao. Kwa maoni yetu, agizo hili halidai kuwa maiti amesamehe. Linadai kosa litamkwe mbele ya mashahidi. Ndipo tunapotenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara: toba ni wajibu wa mkosaji, nayo yaweza kutimizwa, msamaha ni wa aliyekosewa, na huenda usipatikane kamwe. Anayesamehe kwa niaba ya marehemu, awe kiongozi au mrithi, anatoa asichokimiliki. Kitabu cha Yona kinaishia kwa swali lisilojibiwa. Tunaona kuwa huo si upungufu wa kisanaa, bali ni uaminifu kwa suala lenyewe.