Mchezo wa Mtoto ni Amana ya Nani?

Idi inapokaribia, wazee wengi hushuka sokoni Kakamega kuwanunulia watoto wao nguo na vitu vya kuchezea. Ada hii ni njema. Wako wasemao kuwa mchezo ni upuuzi, lakini hao hawana hoja. Bibi Aisha alikuwa na wanasesere, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa, naye Mtume (s.a.w.) alipomwona farasi huyo alicheka wala hakukemea. Na masahaba waliwatengenezea watoto wao vitu vya sufi vya kuchezea, wajishughulishe navyo siku ya kufunga Ashura.

Basi suali si kwamba mtoto acheze au asicheze. Suali ni hili: akidhurika kwa kitu alichopewa, ni nani wa kuulizwa?

Mtoto aliye chini ya miaka 3 huijua dunia kwa kinywa chake. Jicho la mwanasesere likibanduka, hulitia kinywani, nalo laweza kuziba njia ya pumzi. Betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo, ikikwama kooni huweza kuunguza nyama kwa muda wa saa 2. Sumaku mbili zikimezwa huvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa. Na rangi yenye risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole, pasipo kilio. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani iliwataka watu warudishe mamilioni ya vitu vyake, vingine kwa sababu ya rangi hiyo, vingine kwa sababu ya sumaku zibandukazo. Na hapa kwetu, watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliijua sumu ya risasi kwa kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kilichokuwa jirani yao.

Mfanya biashara husema: "Mimi sikukitengeneza, nimeuza tu." Jawabu hili halimwokoi. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umaji chini yake. Mwenyewe akasema ni mvua. Hakuulizwa kwa nini mvua ilinyesha. Aliulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu wakaiona. Aibu ya bidhaa ni haki ya mnunuzi kuijua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, nayo yampa mnunuzi haki ya kupewa habari na kulindwa afya yake.

Mzazi naye husema: "Ajali ni kadari." Sayyidna Umar alipopata habari ya tauni iliyokuwa Sham aliwarejesha watu wake, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kadari kwa kuiendea kadari nyingine. Kuamini kadari si ruhusa ya kufumba macho. Mtoto hakuchagua, wala hakujua, wala hawezi kukataa. Kadiri asivyoweza yeye, ndivyo unavyozidi wajibu wa yule awezaye.

Iko hoja ya tatu, nayo ni nzito zaidi: umasikini. Mungu hamkalifishi mtu asichoweza, na masikini halaumiwi kwa kutonunua cha ghali. Lakini usalama haununuliwi kwa bei. Mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za mgomba, au fahali wa udongo, huenda ukawa bora kuliko king'aacho cha shilingi mia. Wala si kila cha nyumbani ni salama: gari la waya lina ncha, halimfai mtoto wa miaka miwili.

Basi, ndugu zetu, kabla ya kulipa, kitazameni kitu na mkivute viungo vyake. Kipitacho katika kibomba cha ndani cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mchanga. Mahali pa betri pafungwe kwa skurubu. Angalieni alama ya Shirika la Viwango la Kenya, na miaka iliyoandikwa. Atakayekosa alama na amuulize muuzaji. Na muuzaji asiyejua aseme hajui.

Nia ya kumfurahisha mtoto ni njema, lakini nia njema haiondoi wajibu wa kutazama. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzilinda amana zake. Amin.